Shangazi Atafuta Mume Maabara

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, hana habari na hodi. Aliingia maabara, akavuta kiti, akaanza kunisimulia jinsi jirani yake alivyofungiwa bafuni na paka. Nikamkatisha. Nilikuwa napekua jenomu, yaani maelekezo yote ya urithi, ya bakteria niliyemtoa kwenye sinki lake mwenyewe, natafuta kimeng'enya cha kusaga mafuta, na kazi ile haitaki kelele.

"Unatafutaje?"

"Nina protini moja inayojulikana kwa kazi hiyo. Kompyuta inalinganisha herufi tunazoiandikia na za protini zote za bakteria, inanipa zinazofanana nayo. Chini ya asilimia thelathini tunatupa."

"Basi nitafutie mume anayefanana na marehemu."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Tangu amzike mumewe, nyumbani anajibiwa na friji tu. Nililijua hilo, nikajisikia vibaya.

Kesho yake wanaume walijaa koridoni. Shangazi alikuwa amepiga simu kote. Nilitegemea mkuu wa maabara awafukuze. Akauliza tu kama wamepangwa kwa asilimia. Basi nikamwandika marehemu kwa herufi: urefu, kikohozi, mguu unaochechemea, ukaidi. Kompyuta ikameza yote bila aibu.

Wa kwanza alipata tisini na nane. Masharubu yale yale, kikohozi kile kile, hata koti. Mkuu alipiga makofi. Shangazi akamsimulia habari ya paka, jamaa akasikiliza kwa adabu, akasema, "Pole sana."

"Uzuri wa mkakasi," Shangazi akaninong'oneza, machozi yanamlengalenga. "Hafanyi kazi."

Niliona aibu, maana jambo hili tunawafundisha wanafunzi mapema kabisa. Kufanana ni dokezo tu. Kimeng'enya kiwe kirefu namna gani, kazi hufanywa na sehemu chache. Zikiharibika hizo, kilichobaki ni pambo.

"Shangazi, marehemu alikuwa anafanya nini hasa?"

Alifikiri sana. "Sijui, mwanangu. Alikuwepo tu."

Tukaendelea: sabini, hamsini, arobaini. Wote pole sana, pole sana, utadhani wako msibani. Wa mwisho, mfupi, mwenye kipara na sauti ya filimbi, alipata ishirini na sita. Mkuu akamwonyesha mlango. Shangazi hata hakumtazama; alikuwa amechoka, anajisimulia mwenyewe: "Basi jirani anapiga kelele, paka naye anapiga kelele, mimi nikachukua shoka..."

"Ehe!" Yule mfupi akageuka mlangoni. "Halafu?"

Shangazi akanishika bega. Nami nikakumbuka. Mezani kwao, kila jioni, sisi wote tukimkatisha, ni marehemu peke yake aliyeuliza, chakula kimemjaa mdomoni: halafu?

Shangazi alifungua mdomo aendelee. Alikuwa amesahau hadithi imefika wapi.

"Ulichukua shoka," yule mfupi akamkumbusha, akavuta kiti.