Nyota Iliyonyang'anywa Nguo

Mdogo wangu Nabintu amesoma nyota miaka minne pale chuo kikuu cha Mbarara kwa unga wa mahindi yangu. Silalamiki, nasema tu mjue nani alilima. Kila mwezi gunia lilipanda taksi kutoka kambi yetu ya wakimbizi, Nakivale, mimi nikabaki na shamba na maumivu ya mgongo. Tulipatana mbele ya mama kabla hajafa: Nabintu aanze, akimaliza iwe zamu yangu kwenda chuo cha wakunga. Fomu yangu nilikuwa nimeshaijaza. Mwisho wa kuipeleka ulikuwa Jumatatu.

Ijumaa nikaenda kumsikiliza akitetea utafiti wake. Nilibeba ndoo ya maharage, maana kwetu hakuna anayekwenda kwa wakubwa mikono mitupu. Mwalimu wake, Daktari Zakiah, aliyakataa kwa upole. Watu wangesema ni hongo. Basi nikakaa nayo miguuni, mtoa rushwa wa kwanza kukosa wa kumhonga.

Nabintu alipomaliza Kiingereza chake, Zakiah akamwambia, "Sasa elezea dada yako kwa Kiswahili. Kama yeye hapana elewa, hata wewe hujaelewa."

"Yaya," Nabintu akaanza, maana kwetu ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, "nyota ikizeeka inavimba, inatupa nguo zake za inje, inabakia roho yake tu, kadogo, keupe, kanapoa polepole. Tunakaita kibete cheupe. Lakini kuko bingine byepesi zaidi. Nyota ikiwa peke yake haiwezi kufika pale, ulimwengu wenyewe haujakuwa na umri ya kutosha. Kwa hiyo tunajua iko na mwenzake karibu, banazungukana, na ule mwenzake alimunyang'anya nguo mbele haijamaliza kukomaa."

"Na huyo mwenzake munamuona?" nikauliza.

"Mara mingi hapana. Tunaona tu ile nyepesi inayumba, juu ya kuvutwa na mwenzake."

Niliangalia mikono yangu, mifupa na ngozi, halafu mashavu yake mazuri ya mjini. Mtoto alikuwa amesoma vizuri sana.

Akafaulu. Watu wakapiga makofi, na mimi nilipiga kuliko wote, kwa sababu nampenda, ndiyo shida yangu. Kisha Zakiah akatangaza kwamba Nabintu amepata nafasi ya kuendelea miaka miwili mingine. "Ada iko. Familia itasaidia chakula tu."

Nabintu hakushtuka. Alijua siku nyingi, na aliangalia ukuta.

"Mgeni ana swali?" Zakiah akauliza.

"Niko nalo," nikasema. "Ule mwenzake akishashiba, anarudishaka?"

Ukumbi ukacheka. Zakiah akasema ni swali zuri kweli. Nabintu peke yake hakucheka.

"Anaweza, yaya," akajibu taratibu. "Na yeye akizeeka, akivimba. Lakini ni nyuma ya miaka mingi, mingi sana."

"Na ile nyepesi, wakati ule, inakuwa bado iko na moto ya kutumia?"

Ni mkweli, mdogo wangu. Sayansi ilimfundisha hilo. "Hapana, yaya. Inakuwa imeshapoa."

Jumatatu nilipeleka fomu. Wiki ya tatu ya masomo yangu, nikiwa darasani, Nabintu alipiga simu kuuliza gunia limekwama wapi. Nikamwambia mahindi yameshakomaa, yanamngoja shambani, na jembe liko nyuma ya mlango.