Vidole Kumi vya Mkuu

Ofisi ya alama za vidole ilikuwa chumba kimoja, meza mbili, na watu wawili waliokuwa wakitazamana kwa pembe ya jicho. Meza ya mlangoni ilikuwa ya Baba Mkwe: bamba la kioo, rola, kopo la wino mzito na matambara meusi tii. Ya dirishani ilikuwa ya mke wa mwanawe: kompyuta na kimashine chenye uso wa kioo unaowaka kijani.

Binti huyo aliajiriwa kwa majaribio, yeye na mashine yake. Leo Mkuu wa kitengo angekuja mwenyewe kuamua kama mashine ibaki. Ikirudishwa ilikotoka, naye kazi hana.

Na mashine ilikuwa inamtia aibu wiki nzima. Kila aliyeketi mbele yake alikuwa na vidole vyenye sugu: waashi, madobi, waosha vyombo. Kioo kinawaka, kinafikiri, kisha maandishi mekundu: JARIBU TENA. Kwa Baba Mkwe walikaa makarani na wanachuo, na kadi zake za alama zilitoka safi kama zimechapwa kiwandani.

Asubuhi hii akaona siri yenyewe. Mzee alikuwa amesimama mlangoni, anampa kila mteja mkono, na anachelewa kuuachia.

"Karibu bwana, karibu! Unafanya kazi gani? Kufyatua matofali? Hongera sana! Nenda kwa binti yangu pale, ana mashine ya kisasa." Kisha akashika kiganja laini cha mwanamke aliyefuata. "Wewe dada usiende mbali. Kaa hapa hapa."

"Baba," binti akaita kwa sauti ya asali, "leo unasalimia watu kama mgombea."

"Adabu, mwanangu. Sisi wa zamani tumelelewa hivyo."

Angemjibu nini? Mkwe ni mkwe. Mdomo ulikuwa umefungwa na heshima, lakini mikono ilikuwa huru. Akatoa chupa ya losheni mkobani, akaenda kuiweka kwenye benchi la wateja.

"Poleni kwa kusubiri jamani. Jipakeni, mikono isikauke."

Nani anakataa losheni ya bure? Walijipaka hadi viwiko. Mashine, ambayo haikuwa na ugomvi na kitu isipokuwa kidole kikavu, ikaanza kuimba: tii, tii, tii. Mfyatua matofali akapita mara moja. Kwa Baba Mkwe wino ukawa unateleza juu ya vidole kama maji juu ya jani la mgomba, na kadi zikajaa madoa.

"Mwanangu," mzee akanguruma, "hawa watu wananukia nini?"

"Wananukia vizuri, Baba."

Mara Mkuu akaingia. Kabla hajasema neno, mtu mmoja pale benchini akamsogezea chupa, naye akajipaka.

"Nipimeni mimi," akasema. "Kwanza wino."

Kadi ya kwanza ikatoka na doa kama nyanya iliyokanyagwa. Baba Mkwe hakubabaika. Akachovya pamba kwenye spiriti, akamsugua Mkuu vidole vyote kumi hadi vikakauka kama chaki, akapitisha rola, akaviviringisha kimoja kimoja kwenye kadi mpya. Safari hii kila mstari ulionekana. Akampangusa kwa tambara, akamsukumia binti kwa ukarimu mkubwa.

"Haya, zamu yako, mke wa mwanangu."

Kioo kikawaka. JARIBU TENA. Mkuu akabonyeza kwa nguvu. JARIBU TENA. Spiriti ilikuwa imemaliza mafuta yote. Losheni nayo ilikuwa imeisha. Benchi lilikuwa limekomba hadi tone la mwisho. Mkuu akatazama saa yake, akashusha pumzi kwa pua.

"Samahani Mkuu," binti akasema, jasho likimtoka, "jipanguse kipaji cha uso kwa vidole. Vidole vyote. Vipate unyevu kidogo."

Mkuu akajipangusa, mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Tii! Tii! Vidole kumi vikatokea kwenye kompyuta, vizuri ajabu. Na kwenye kipaji cha Mkuu, kwa wino ambao tambara halikuumaliza, ikatokea mistari kumi kama ya punda milia.

Binti akainamia kibodi. Baba Mkwe akapata kikohozi cha ghafla. Benchi zima likatazama dari.

"Mbona mnacheka?" Mkuu akauliza. Akajiona kwenye kioo cha dirisha. "Nani kanifanyia hivi?"

Binti akaanza kuinuka kitini. Mzee akasimama.

"Wino ni wangu, Mkuu. Sikukupangusa vizuri."

"Basi wino wako utoke humu leo! Mashine ibaki. Angalau yenyewe haichafui mtu!" Akaondoka akisugua kipaji kwa leso, akizidi kuueneza wino.

Binti akavuta kiti karibu. "Baba, ungenitaja tu."

"Nikutaje, halafu usiku nile kwa nani? Mwanangu hajui hata kuchemsha maji." Akakaa upande wa mashine. "Haya, nifundishe. Na usinifokee, mimi ni baba yako."

"Weka vidole vinne, Baba. Taratibu. Taratibu jamani, hupigi muhuri!"

"Na wewe usinishike mkono kama mgonjwa. Hiki kimashine chako kinakula na gumba?"