Bwana Aliyeomba Shimo la Magimbi

Bwana Pethick hakutunyang'anya shimo letu. Angetunyang'anya ingekuwa nafuu, maana mwizi unaweza kumchukia kisha ukalala usingizi wako. Yeye alituomba.

Hapa kwetu Visiwa vya Gilbert ombi la namna hiyo huitwa bubuti, na bubuti haikataliwi. Mtu akija akaketi mbele yako akasema anaomba mtumbwi wako, unampa mtumbwi. Utasaga meno, lakini utampa, kwa sababu ukimnyima utasemwa hadi kisiwa cha pili. Waingereza walikuwa wametutawala miaka mingi bila kulijua jambo hilo. Aliyemfundisha Bwana Pethick ni Tekinaiti, askari na mkalimani wake, mtoto wa dada yake bibi yangu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mwaka ule serikali iliamua kwamba nyumba zetu zimekaa ovyo, zipangwe mstari mmoja kando ya barabara mpya. Bwana Pethick, afisa wa serikali kisiwani kwetu, kijana mwenye shingo nyekundu na haraka nyingi, aliinyoosha barabara yake mpaka ikafika kwenye shimo la magimbi la bibi yangu, Nei Teangatoa. Kuipinda kidogo hakutaka. Basi siku ya mkutano akaja maneaba, baraza letu kubwa lililoezekwa kwa majani ya mkadi, akafungua kiti chake cha kukunja katikati ya watu walioketi mikekani, akatutazama kwa juu, akasema kwa lugha yetu maneno aliyoyakariri:

"Nei Teangatoa, nimekuja na bubuti. Naomba shimo lako."

Shimo lile lilichimbwa kwa makombe ya baharini na mama zake mama zetu, wakapasua mwamba mpaka wakayafikia maji matamu ya kuoteshea magimbi. Baadhi ya magimbi yake yalinizidi umri. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minane, harusi yangu imebakiza miezi miwili, na kwetu karamu bila magimbi makubwa si karamu. Ukoo usio na shimo huja mikono mitupu, na bibi harusi wa mikono mitupu huchekwa mpaka na wajukuu wa mumewe.

Bibi alimtazama Tekinaiti, akamtazama Mzungu, akasema, "Chukua."

Nyumbani nililia mpaka sauti ikanikauka. Nikamwambia aende na yeye akaliombe lirudi. Akanikemea. Mtu hali matapishi yake, alisema, kilichotolewa kimetolewa. Wanaume kumi na wawili walikuwa wameshaandikwa kuja kulijaza mawe Jumatatu ya wiki ya pili. Tulikuwa na siku tisa.

Siku ya tatu bibi akaoga, akajipaka mafuta ya nazi, akaniambia nimfuate. Tulikwenda moja kwa moja nyumba ya serikali, akaketi sakafuni barazani, akaomba kile kiti cha kukunja. Bwana Pethick alicheka, akampa. Alikuwa ameshawaandikia wakubwa wake kwamba ardhi imepatikana kwa mila ya wenyeji na kwa hiari yao, kwa hiyo aliona fahari kuwa mtu wa mila. Bibi akakibeba kichwani kijiji kizima wakione. Hakukikalia hata mara moja, alikitumia kuanikia samaki.

Watu si wajinga. Kesho yake mzee Biribo akaenda kuomba taa. Mjane mmoja akaomba kitanda, akapewa. Mwalimu wa kanisa, mtu wa heshima zake, akaomba kioo cha kunyolea na hakuona haya. Kufikia Alhamisi Mwingereza wetu alikuwa anakula amesimama na kulala juu ya mkeka kama sisi. Ukipenda boga, penda na ua lake.

Akamwambia Tekinaiti awafukuze. Hapo Tekinaiti, nampa haki yake, alimwambia ukweli. Alimweleza kwamba akikataa hata ombi moja, basi lile la shimo halikuwa bubuti, ulikuwa wizi, na wale wanaume kumi na wawili hawatanyanyua hata jiwe moja. Na wakubwa watataka kujua kwa nini.

Jumamosi tukakusanyika tena maneaba. Safari hii Bwana Pethick aliketi mkekani, miguu imemkaa vibaya. Bibi akasogea mbele yake.

"Bwana, nimekuja na bubuti. Naomba mashua yako."

Tekinaiti akatafsiri. Mzungu akawa mwekundu mpaka masikioni.

"Mwambie mashua si yangu," alisema. "Ni ya Mfalme. Siwezi kutoa kitu kisicho changu."

"Na shimo lilikuwa langu?" bibi akauliza, bila kupandisha sauti. "Ni la mama zangu waliokufa, na la huyu mtoto hapa anayetaka kuolewa. Ulipoomba nilikupa. Mfalme wako atashindwa na mimi mwanamke kwa kutoa?"

Nilimpenda siku ile kuliko siku zote za maisha yangu. Maneaba nzima walikuwa wanamtazama Bwana Pethick, na hakuwa na kiti cha kumwinua juu yetu. Akatoa karatasi, akaandika, akampa Tekinaiti asome. Maombi yote yaliyofanyika tangu mwezi uandame yamefutwa, na kila kitu kirudi kwa mwenyewe. Tena, tangu siku hiyo bubuti ni marufuku kisiwani, na atakayeomba na atakayetoa wote watafungwa mwezi mmoja.

Kwa hiyo kitanda kikarudi, taa ikarudi, kioo kikarudi, na shimo likarudi. Barabara ya serikali imepinda pale mpaka leo. Nilikuwa nimeshaanza kucheka, bibi akanibana mkono. Aliniuliza kama nimesikia yale maneno ya mwisho. Mzungu alikuwa ameturudishia shimo moja na kuchukua bubuti yenyewe, iliyokuwa inatulisha tangu kabla hakujawa na mashimo.

Jumapili baada ya ibada Tekinaiti alikuja kwetu. Alikuwa amevua mkanda wa uaskari. Aliketi ukingoni mwa mkeka, akaongea habari za mvua, akaongea habari za samaki. Mkewe alikuwa amejifungua asubuhi ile, na ardhi yao iko kisiwa kingine, mbali.

"Mama mkubwa," alisema mwishowe, "nimekuja..."

"Neno unalijua," bibi akamwambia. "Ulimfundisha mgeni. Liseme."

"Naomba gimbi kwa ajili ya mzazi."

"Ni mwezi mmoja jela, wewe na mimi."

"Najua. Karatasi niliisoma mwenyewe."

Bibi akainuka, akamkabidhi mti wa kuchimbia, akatangulia shimoni. Akamwonyesha gimbi kubwa kuliko yote, lile tulilokuwa tukilitunza kwa harusi yangu. Mimi nikasogea kumpisha.

"Kesho utatufunga," akamwambia. "Leo chimba."