Ubani wa Mwadini Bazaar

Harufu ilimpokea Khairiya mlangoni kabla hajamwona mtu. Ubani. Asubuhi ya kuja mkaguzi wa zimamoto, ndani ya duka lao jipya mjini Mesquite, kuna mtu alikuwa amefukiza ubani, na mtu huyo hakuhitaji kutafutwa.

"Baba," aliita, "si uliniahidi?"

Mzee Mwadini alitokea nyuma ya mazulia, kanzu imenyooka, chetezo mkononi. "Niliahidi alarm haitalia. Imelia?"

Haikulia, na hilo ndilo lililomtisha.

Mzee alianzia biashara kwenye buti ya gari, nje ya msikiti huko Houston, yeye na mkewe, wote wageni kutoka Mombasa. Wakapata chumba kimoja mtaa wa Alief, wakatoboa ukuta wakapata cha pili, kisha cha tatu, mpaka likawa duka la kila kitu: buibui na madera upande huu, sufuria upande ule, mapazia, mazulia, masanduku ya maharusi, na kona ya udi na marashi ambayo mkewe aliitawala hadi alipofariki. Kila asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza, mzee alifukiza pembe zote nne. Siku aliyoruka ni moja tu, alipokimbilia bandarini kupokea kontena, na wiki hiyohiyo kimbunga kikaleta maji ya kiunoni na mazulia yote yakaenda jaani. Khairiya alichoka kumkumbusha kwamba maji yaliingia hata kwa majirani.

"Kwani wao walifukiza?" mzee alimuuliza kila mara.

Sasa mwenye jengo la Alief alikuwa amelitaka jengo lake. Khairiya ndiye aliyeshikilia wahamie Mesquite, karibu na kaka yake Abdulbasit. Ndiye aliyemtoa baba yake kwenye duka la mama. Bila kibali cha mkaguzi mlango haufunguliwi, na Idi ilikuwa wiki hiyo, Ijumaa. Nguo za Idi zikipitwa na Idi hazina mnunuzi, na duka lile mwaka mzima huishi kwa Idi. Likikosa hii, hakukuwa tena na Alief ya kurudi.

Aliinua macho darini. Kila kengele ya moshi ilikuwa imevalishwa kofia ya plastiki ya kuogea, ile ya maua, iliyofungwa mpira ikakaza.

"Nimezitoa rafu ya vitu vya bafuni," mzee alisema. "Nikimaliza ningezivua."

"Basit, leta ngazi," Khairiya alimwita kaka yake. "Baba ame-cover alarm zote."

"Zote? Ziko ngapi?"

"Sikuhesabu," alijibu mzee.

Abdulbasit alipanda na kushuka, akapanda na kushuka, huku Khairiya akisukuma ngazi na kuchomeka kofia ndani ya buibui lake. Gari jekundu liliingia uwanjani wakiwa kwenye mapazia. Mkaguzi alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye viatu vizito. Alipita kwenye sufuria, akapita kwenye masanduku, akatikisa kichwa kwa kuridhika, na Khairiya akaanza kuamini. Kwenye kona ya marashi mama yule akasimama, akatazama juu. Ilikuwa imebaki kofia moja, ya waridi.

"Hii nani kaiweka?" aliuliza kwa Kiingereza.

Uongo ulikuwa tayari mdomoni mwa Khairiya: mafundi wa rangi. Baba yake akamtangulia.

"Ni mimi. Binti yangu hakuwa na habari."

Mkaguzi hakukasirika, na afadhali angekasirika. Alieleza taratibu kwamba watu hufa chini ya vitu vidogo kama hivyo. Angerudi Alhamisi. Akikuta moshi humo ndani, hatarudi tena mpaka mwezi ujao.

Tangu hapo mzee hakukanyaga dukani. Alikaa kwenye gari, kioo kimefungwa. "Nikiingia bila kufukiza naliletea duka balaa," alisema. "Nikifukiza nakuharibia wewe. Wacha nikae hapa."

Khairiya alikasirika mpaka machozi. Lakini Alhamisi asubuhi alitia ufunguo kwenye kufuli, na mkono ukagoma. Yeye, mwenye digrii yake ya biashara, alisimama pale akiyaona maji ya Alief yakipanda kwenye mazulia, akajua kwamba anaogopa kilekile ambacho baba yake anaogopa, na pengine ameogopa siku zote. Aliona haya, na haya haikumsaidia kitu.

Ndipo akamkumbuka mama yake. Siku za harusi mama hakuwa na muda wa kufukiza nyumba. Alifukiza nguo, akazivaa, na kila alikopita alibaki akinukia.

Alichukua chetezo, akakiweka katikati ya uwanja wa magari, mbali na mlango, akagonga kioo.

"Shuka, Baba. Simama hapa, utandaze kanzu."

"Hapa? Watu wananiona."

"Wakuone."

Mzee alisimama juu ya chetezo, moshi ukapanda ndani ya kanzu ukatokea shingoni, na vijana wa duka la matairi ng'ambo wakaacha kazi wakatazama. Khairiya akafukiza buibui lake baada yake, kisha akamwagia makaa maji mpaka yakanyamaza.

"Utaingia nao mwilini," alisema. "Zunguka pembe zote nne."

Mzee alimtazama sana. "Hii akili ya mamako," alisema, akaingia.

Mkaguzi alifika, akavuta hewa puani, uso ukabadilika.

"Ni nguo zetu," Khairiya alisema haraka. "Tumefukizia nje."

Mama yule alitazama juu, kengele moja baada ya nyingine, polepole, mpaka kona ya marashi. Akamsogelea mzee, akanusa mkono wa kanzu.

"Hii mnauza?"

Khairiya alimgeukia baba yake. Mzee alinyoosha kidole kwenye karatasi mkononi mwa mkaguzi.

"Mwambie atie sahihi kwanza. Bado hatujafungua."

Khairiya akatafsiri, mama yule akacheka, akatia sahihi. Abdulbasit akakimbilia mlango. Khairiya alibaki katikati ya duka, akiwazia ya kesho: makaa yako wapi, na kama mvua itanyesha, atafukizia wapi.