Mshale Usivuke Nne

Kwa pikipiki za bodaboda, niulize mimi. Miaka kumi na tisa nimekaa kwenye baraza hii ya Mtaa wa Msimbazi, na injini ikipita naujua ugonjwa wake kabla dereva hajasimama. Sifa hizo ndizo zilizoniponza, ingawa mimi sikuumia hata ukucha. Aliyeumia ni mdogo wangu, Shamsa.

Shamsa ana duka la vitenge Mchafukoge. Mwaka juzi alinunua pikipiki ya mashindano, mtumba wa Kijapani wa silinda nne, akaileta kwangu kabla hajamwonyesha mtu. Alitaka kujua jambo moja. Ile saa ya mizunguko ya injini inapanda mpaka elfu kumi na nne. Je, akiwa barabarani mshale wake ukae wapi? Mafundi wenzangu waliacha spana wanisikilize.

Pikipiki ya namna ile sikuwahi kuipanda. Ningesema hivyo, yangeisha. Badala yake nikatoa hotuba: injini ukiikamua unaiua, mshale usivuke nne, yaani elfu nne, panda gia mapema, iache itulie. Kwa bodaboda maneno hayo ni kweli tupu.

Akatii. Baada ya wiki mbili akaja kuniambia kwamba kwenye gia za juu pikipiki inakuwa nzito, kama ina usingizi. Nikacheka, nikamwambia haraka haraka haina baraka. Mungu anisamehe kicheko kile.

Jumapili moja asubuhi, barabara ya Kibaha, alitoka kulipita lori la kontena akiwa gia ya sita, mshale kwenye tatu. Akavuta mafuta. Injini ikanguruma tu, mwendo hauongezeki, na mbele basi linakuja. Alijibana katikati akapona, lakini mguu wa kulia ulisagika. Waliukata chini ya goti.

Awadhi, mwendeshaji mwenzake aliyekuwa nyuma siku ile, alinieleza hospitalini. Injini zile nguvu zake ziko juu. Angeshusha hadi gia ya pili kabla ya kutoka, mshale ungeruka hadi sita, na lori angeliacha nyuma mapema. Akauliza ni nani aliyemfundisha kuendesha vile. Nikasema sijui.

Wiki iliyopita alikuja mnunuzi wa ile pikipiki, kijana wa Magomeni anaitwa Lucky. Shamsa alikuwa ameketi kwenye benchi langu, magongo yake yameegemea ukuta. Lucky akauliza lile lile: mshale ukae wapi?

"Muulize kaka," Shamsa alisema. "Ninachojua chote kanifundisha yeye."

Hakusema kwa kejeli. Alikuwa bado anajivunia mimi, na hilo lilinichoma kuliko tusi.

"Mimi sijui," nikamwambia Lucky. "Pikipiki kama hii sijawahi kupanda. Mtafute Awadhi akufundishe."

Shamsa alinigeukia.

"Na siku ile ulikuwa hujui?"

"Nilikuwa sijui, mdogo wangu. Niliona aibu kusema."

Aliyavuta magongo yake akayaweka mapajani, akawa anayapangusa vumbi ambalo halikuwapo.

"Awadhi alitaka kunifundisha tangu siku ya kwanza," akasema. "Nikamkatalia. Nikamwambia mimi nina kaka fundi."