Ukurasa wa Majeraha ya Moto

Chumba cha kupigia pasi kilikuwa nyuma ya mashine za kufulia, na humo wanawake wanane walisimama kutwa, kila mmoja na meza yake, wakinyoosha mashuka ya hoteli. Yule wa meza ya dirishani walimwita Mwalimu. Mwanzoni lilikuwa jina la kejeli, maana shule aliiachia darasa la saba. Ila marehemu mumewe alikuwa mfagizi katika ofisi moja kubwa, na kila huko walipotupa vitabu, yeye alivibeba kwapani akamletea mkewe. Mama wa watu akavisoma vyote, cha sheria za ardhi, cha nyota, cha kutengeneza saa, bila kuchagua, kama mwenye njaa asiyeuliza mboga ni nini. Alichokielewa alikiandika kwenye daftari kwa maneno yake. Asichokielewa alikiandika pia, akaweka alama ya kuuliza pembeni.

Mume alipotangulia mbele ya haki, nyumba ikawa kimya mno. Mwalimu akaanza kuja na daftari kazini. Saa ya mapumziko, wenzake wakila, yeye huwasomea. Waliojua kuandika wakanakili, wasiojua wakaanzishiwa herufi, na msimamizi akasema hana neno mradi mashuka yasichelewe.

Aliyekataa ni mmoja tu, Chokochoko, ambaye jina lake linamtosha. Huyo alikaa mlangoni na chakula chake akirusha maneno. Alisema darasa la saba kumfundisha darasa la nne ni chongo kumshika mkono kipofu, na kwamba siku watakapotumbukia shimoni, yeye atakuwa juu anawahesabu.

Somo walilolipenda kuliko yote lilikuwa la majeraha ya moto. Hapakuwa na mkono humo ndani usio na alama ya pasi. Mwalimu alilitoa kwenye kitabu kikubwa cha afya, kilichokwisha kupoteza jalada na kurasa za mwanzo. Kilisema mtu akiungua, apakwe mafuta ya kupikia, kisha afungwe kitambaa. Tangu siku hiyo kopo la mafuta likakaa dirishani, na kila aliyeungua alilikimbilia.

Mwaka ukapita. Jumatatu moja Mwalimu alikwenda zahanati kupima presha. Foleni ilikuwa ndefu, na yeye hawezi kukaa karibu na karatasi asiisome, hata ile ya kufungia chumvi. Akaokota kijitabu mezani. Ukurasa wa tisa ulisema jeraha la moto limwagiwe maji safi ya baridi kwa dakika ishirini, na lisipakwe mafuta kamwe, kwa kuwa mafuta hulizuia joto lisitoke.

Alisoma mara tatu. Zamu yake ilipofika, presha ilikuwa juu kuliko alivyotoka nayo nyumbani. Akamuuliza muuguzi.

"Hiyo ya mafuta ni ya zamani, mama," muuguzi akasema. "Siku hizi tunawakataza."

Alirudi kwa miguu, polepole. Madaftari saba, likiwamo lake, yalikuwa na maneno yale kwa sababu yake. Dada mmoja, waliyeendelea kumwita Bibi Harusi ingawa ndoa yake ina miaka sita, alikuwa amemnakilia hadi mama mkwe wake. Shetani naye hakosi la kunong'ona. Akamwambia aliondoe kopo kimyakimya, aseme mafuta yamekwisha, na mambo yaishe. Akisema kweli, nani atamsikiliza tena? Na lile darasa ndilo lililokuwa likimwamsha asubuhi tangu alipobaki peke yake.

Alasiri aliswali, akakaa kwenye mkeka kitambo. Alipoinuka alikuwa ameshajua la kufanya, ingawa hakulipenda.

Kesho yake mchana alisimama mbele yao, kopo mkononi.

"Niliwafundisha vibaya," akasema. "Kitabu kilikuwa cha zamani, nami sikuuliza ni cha mwaka gani."

Akawasomea yale ya zahanati. Hakuna aliyetafuna. Bibi Harusi aliutazama mkono wake, palipokuwa na kovu linalong'aa la miezi miwili. Mafuta yale alipakwa na Mwalimu mwenyewe.

"Nisamehe, mwanangu," Mwalimu akamwambia.

Mmoja akataka kuuchana ukurasa. Mwalimu akamzuia. Aliwaomba wapige mstari mmoja tu, maneno ya chini yasomeke, kisha waandike lile jipya, na mahali lilipotoka, na tarehe, ili atakayesoma kesho ajue walibadilisha nini na kwa nini.

Hapo Chokochoko akaitoa sauti yake mlangoni. "Na hicho cha jana, nani kakuhakikishia hakidanganyi?"

"Hakuna," Mwalimu akasema. "Nilimuuliza mtu mmoja anayeifanya kazi hiyo. Ndivyo nilivyopaswa kufanya tangu mwanzo."

Alingoja wafunge madaftari, darasa liishie hapo. Bibi Harusi akalifungua lake, akarudi nyuma hadi mwanzo kabisa.

"Basi tuanze hapa," akasema. "Kila somo liwe na mtu wa kwenda kulihakikisha. Mama mkwe nitamweleza mwenyewe. Mimi nichukue lipi?"

Wakaanza kugawana, wakizozana kidogo, huyu ana shemeji fundi wa bomba, yule jirani yake ni mkunga. Walipofika somo la kufuga kuku wakakwama. Hakuna aliyemjua mfugaji.

"Mkwe wangu ana kuku mia mbili," Chokochoko akasema, akiendelea kutazama nje. "Nitamuuliza mimi. Ila mtanisomea kilichoandikwa humo, nisiende kuuliza upuuzi."

"Sogea basi," Mwalimu akamwambia. "Huko mbali hutasikia."

Akabeba kiti chake, akaja.