Nguzo Zimeng'olewa

...na hata mashimo hawakuyafukia, wameng'oa zile nguzo mbili za chuma wakaacha vishimo viwili vya udongo pale pale langoni, na katikati yake gari kubwa limeshapita, alama za matairi mbichi kabisa, pana kuliko mgongo wangu, na mume wangu ameinama nyuma yangu anafunga kamba za viatu, hana habari, anasema, "Tairi la nyuma umelibonyeza? Isije ikawa kama siku ile ya mvua," nami nasema nimelibonyeza, liko sawa, wala sijalibonyeza, nimesimama tu nimeshika usukani wa hii baiskeli ndefu ya watu wawili, naangalia mahali palipokuwa na nguzo, maana yeye haoni, mimi ndiye macho, na macho leo yameona kitu ambacho mdomo hautaki kukisema... mlinzi wa lango ndiye amenimaliza, amekuja na shikamoo zake, kamsalimia mzee kwa kupiga kelele kama kawaida, sijui nani alimwambia kwamba asiyeona hasikii pia, halafu akanivuta kando kwenye bomba la maji, "Mama, leo ndiyo mwisho. Kesho malori yanaanza kupita hapa, yanakwenda kuchukua mawe ng'ambo ya hifadhi. Baiskeli haziruhusiwi tena," nikamuuliza mpaka lini, akaniangalia kwa huruma, "Mpaka lini tena, mama? Imeshakuwa barabara hiyo," akauliza kama mzee anajua, nikamwambia atajulia wapi, akasema pole, akarudi kibandani kwake kunywa chai, chai! mtu anakutwisha jambo kama hili halafu anakwenda kunywa chai... na huyu akishapanda atanyoosha mkono wa kushoto, najua, ndivyo afanyavyo kila tukiingia, anaipiga ile nguzo kofi moja, pa, anasema, "Tumeingia," na hapo hapo mabega yake yanashuka, sina haja ya kugeuka kuyaona, nayasikia miguuni, kwa sababu pedeli za baiskeli hii zimefungwa pamoja kwa mnyororo, akikaza nakaza, akisita nasita, unaweza kuishi na mwanamume miaka nenda miaka rudi usijue kama amenuna au amechoka tu, mimi huyu wangu namjua kwa nyayo... leo atanyoosha mkono na kofi litapiga hewa. Nimwambie wamepaka rangi, ndiyo, nitasema usiguse, rangi mbichi, utachafua shati, lakini ana pua huyu, ananusa mvua kabla mimi sijaona wingu, atasema mbona hainuki rangi, na mimi uongo wangu ukiulizwa swali la pili unaanguka wenyewe, tangu usichana wangu niko hivyo, basi nimwambie naumwa tumbo turudi, lakini leo ndiyo mwisho, nimnyime na mwisho wenyewe? nisimnyime, apande asijue, afurahi... anasema, "Mafuta ya mnyororo umetia kidogo mno, sikia unavyolia," nasema nitatia, nasema nitatia kana kwamba kuna siku ya kutia.

Njia yake hii, watu wanasahau, kabla yake lilikuwa tuta la reli lililoota magugu, reli zenyewe ziliondolewa zamani, yeye na wenzake ndio waliofyeka, wakatandaza changarawe, wakasimamisha nguzo langoni ili gari lisiweze kupita, baiskeli tu na mtu wa miguu, akawa kiongozi wa wageni, wanakuja na baiskeli zilizobeba mahema na masufuria, anawatangulia, mashamba ya alizeti, kisha msitu, kisha hifadhi, swala wanasimama kuwaangalia bila woga kwa sababu hawajawahi kusikia honi, jioni anarudi na vumbi mpaka kwenye kope, anaongea, anaongea, mimi nikishona sare za shule namwitikia bila kusikiliza, ewe mwanamke, ungesikiliza... halafu presha ya macho ikaanza kumla polepole, ikaanzia pembeni, akawa anagonga miimo ya milango, tukamcheka, binti yetu akamwita mlevi wa maji ya kunywa, na yeye mwenyewe akacheka, jamani tulicheka, na siku alipompita jirani njiani bila salamu jirani akanuna mwezi mzima, ndipo tulipokwenda hospitali, na daktari akasema kilichokwenda hakirudi, akasema kwa upole, na mume wangu akamshukuru, akatoka nje, akaniuliza, "Kuna jua?" nami nikasema lipo, akasema, "Basi naliona kidogo," na lilikuwa usoni pake lote. Baada ya hapo akakaa kwenye kiti cha dirishani na redio, akakaa, nikashona nguo nikamaliza nikaanza nyingine na bado amekaa, mpaka fundi wa kuchomelea, aliyekuwa rafiki yake, alipochukua baiskeli mbili akazikata akaziunga kuwa moja, akaileta mlangoni bila kuulizwa na mtu, akasema, "Mama, wewe mbele, mzee nyuma," mimi! mimi ambaye miguu yangu ilizoea kukanyaga cherehani, unakanyaga wee na huendi popote, raha mustarehe, nikapandishwa mbele kwa nguvu, siku ya kwanza tuliangukia kwenye alizeti, yeye akicheka chini ya baiskeli, akasema, "Kosa lako hukusema. Mimi siogopi shimo, naogopa shimo lisilosemwa," ndipo nikajifunza kusema, na kusema mapema, kabla halijafika, maana ukisema kona pale pale kwenye kona anaegemea upande usio wake na wote mnakwenda chini, kwa hiyo unasema shimo likiwa mbali bado, tawi kulia, mchanga, daraja linakuja, ng'ombe, ng'ombe hataki kutoka, mtoto wa ng'ombe naye... "Kofia yangu iko sawa?" anauliza, nasema iko upande, namrekebishia kamba kidevuni, ngozi yake ya moto, amenyoa leo, amenyoa kwa ajili ya njia, Mungu wangu, mtu mzima amenyoa ndevu ili akapigwe upepo. Na ile tabia imenishika mpaka nimekuwa kichekesho, juzi sokoni natembea peke yangu na kikapu nikapaza sauti, "Shimo kushoto!" watu wote wakaangalia chini, muuza nyanya akaruka, akaniuliza, "Mama, unaongea na nani?" nami nikaendelea na kikapu changu nikijiuliza, nilikuwa naongea na nani... naongea na nani kwingine kokote? nyumbani hataki, nyumbani nikisema angalia kiti ananikemea, "Hapa si njiani, hapa napajua," na kweli anapajua, anahesabu hatua zake, anajua kikombe kilipo, hanihitaji, redio inaongea, cherehani inaongea, sisi tumenyamaza, chakula kipo, asante, zima taa, basi, hayo ndiyo maneno yetu ya siku nzima, si kwamba tumegombana, hata kugombana kuna maneno... Kwenye barabara ya magari tulijaribu mara moja, mara moja tu, lori likapiga honi nyuma yetu, nikasema kushoto na hakusikia, nikapiga kelele kushoto na hakusikia, upepo wa lile lori ukatusukuma mtaroni, na pale mtaroni alikuwa ananipapasa uso, anauliza, "Uko wapi? Mbona husemi?" nami nasema, nasema kwa nguvu zangu zote, na magari yanapita juu ya sauti yangu, binti akasema kwa simu nikimrudisha baba barabarani atakuja mwenyewe kuivunja hiyo baiskeli kwa nyundo, na ana haki.

Kwa hiyo hakuna pengine, nimezungusha kichwa chote hakuna pengine, ni hapa tu pasipo na magari ndipo anaponisikia, na mimi nilikuwa nalalamika, Mungu anisamehe, kila Jumamosi nalalamika, magoti, jua, nguo za wateja hazijaisha, namwambia mzee wewe utaniua, namwambia nimekuwa punda wako, nilidhani njia ni yake, nilidhani nampeleka, najikaza kisabuni kwa ajili yake, kila mtu akiniambia mama una moyo naitikia kama mtakatifu, kumbe... kumbe muda wote huo mimi ndiye niliyekuwa naongea, mimi ndiye niliyekuwa nafika, namwambia kuna ndege mweupe amesimama kwa mguu mmoja anafanana na mimi, na anacheka mgongoni kwangu, namwambia alizeti zimegeuka, zimetupa kisogo, anasema zitakuwa zimesikia unavyolalamika, tunasema mambo ya zamani, tunamsema binti, tunawasema watu, kutoka langoni mpaka stesheni ile iliyobomoka, sinyamazi, mtu mzima ananisikiliza neno kwa neno kana kwamba uhai wake uko humo, na kweli umo, nani mwingine duniani ananisikiliza hivyo? hakuna, hakuna aliyewahi, hata yeye alipokuwa na macho hakuwahi... Yeye njia anayo kichwani, amewafikisha wageni wangapi, anaweza kukaa dirishani akaipita yote kona kwa kona, malori hayatamfikia humo, mimi ndiye sina, mimi nikishuka hapa nashuka kwenye ukimya na ndani yake hakuna mlango, na nilikuja hapa asubuhi hii nikimhurumia yeye.

Anapanda, nasikia kiti kinalia, uzito wake unakaa, mguu wake unatafuta pedeli unaipata, na ya kwangu inasogea chini ya wayo wangu, tayari, yuko tayari, mimi bado mguu mmoja uko chini, vishimo viwili viko pale pale, mlinzi ametoka na kikombe chake anaangalia tutafanyaje. "Mbona kimya?" anasema mume wangu, mkono umenigusa kati ya mabega, mwepesi, kama anavyofanya akitaka nianze, "Kuna nini mbele? Niambie unaona nini," nami nitamwambia, siwezi kumwacha anyooshe mkono hewani mbele ya mtu, nitasema yote, nguzo, malori, kesho, na kama bado atataka tutapanda, nitamtangazia kila shimo mpaka stesheni na kurudi, nitasema mpaka sauti ikauke, lakini si hilo linalonitia baridi hivi kwenye jua, ni kwamba nikishamwambia hili, kesho sitakuwa na kitu cha kumwambia.